Peugeot 404 na 504: Ni ipi iliyowafaa zaidi wasafiri wa Kisumu?

KWA miaka mingi, aliyesafiri kutoka Nairobi kwenda Kisumu kwa haraka alipanda Peugeot, na iliyokumbukwa zaidi ni 504 ndefu, yenye safu tatu za viti. Hata hivyo, wapo wazee wanaoshikilia kwamba iliyoitangulia, 404, ilikuwa gari bora.

Wana hoja. 404, iliyozinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1960, ilishinda mashindano ya Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968, ni magari saba pekee yaliyofika mwisho, na mshindi mara zote mbili alikuwa kwenye 404.

504, iliyozinduliwa mwaka wa 1968, ilishinda mara mbili tu, 1975 na 1978. Isitoshe, ushindi wa 1978 uliletwa na gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita, ambalo abiria wa Ahero hakuwahi kulipanda.

Lakini vikombe havibebi abiria. Tofauti kubwa iko chini ya gari, upande wa nyuma. Magurudumu ya nyuma ya 404 yaliunganishwa kwa ekseli moja nzima, hivyo moja likiingia shimoni, la pili nalo hutikisika. Katika 504 ya saluni, kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake, na abiria akastarehe.

Jambo ambalo wabishi husahau ni kwamba 504 ndefu haikujengwa hivyo. Watengenezaji waliirudisha ekseli nzima, wakaiwekea springi nne. Sababu ni mzigo: magurudumu yaliyotenganishwa huinama kadiri gari linavyolemewa, ilhali ekseli nzima huyashikilia wima.

Na mzigo haukukosekana. Kulikuwa na watu, magunia ya omena, na mara nyingi jeneza lililofungwa juu ya keria, familia ikimrudisha marehemu wao nyumbani kuzikwa. Kwa kazi hiyo, 504 ilitegemea maarifa ya 404.

Ilipoipita kabisa ni kwenye breki. Hadi mwishoni mwa miaka ya sitini, 404 ilitumia breki za ngoma magurudumu yote, na hizo hupoteza nguvu zikipata joto. 504 ilikuja na breki za diski mbele. Kwa dereva aliyejaza gari na kuteremka kutoka milima ya Kericho hadi tambarare za Kano, hilo lilikuwa suala la uhai.

Kanuni za matatu za mwaka wa 2004, zilizodai mkanda kwa kila abiria, zilimaliza faida ya kubanana, na magari ya viti 14 yakashika njia.

Anayetaka kununua mojawapo leo asianze na injini. Saluni zote mbili, pamoja na 504 ndefu, hazina chesisi ya kando. Bodi ndiyo uti wa mgongo. Ainue mazulia kwanza, atazame kutu sakafuni.