Kura ya Mshona Nyavu

Sogeeni, wajukuu. Watu wanne wa pwani walichanga fedha wakanunua mashua ya kuvulia. Nahodha alichukua hisa 4, mchuuzi wa samaki 4, fundi seremala 2, na mshona nyavu, ambaye mfuko wake ulikuwa mwepesi, hisa 1. Wakapatana: kila hisa ni kura moja, na jambo linapita likipata kura 6 kati ya zote 11.

Kikao cha kwanza mshona nyavu akaomba zinunuliwe nyavu mpya. Nahodha akamuunga mkono: 4 na 1, kura 5. Hazikutosha. Kikao cha pili akaungana na fundi: 2 na 1, kura 3. Hazikutosha. Mara ya tatu nahodha na fundi wote wakawa upande wake, zikafika 7, jambo likapita. Akashangilia. Lakini hebu hesabuni: 4 na 2 ni 6. Lingepita hata kama asingefika kikaoni.

Hilo halikuwa suala la bahati. Tazameni hisa za wenzake: 4, 4 na 2. Zote ni namba shufwa. Jumlisha shufwa na shufwa, hata mara elfu, utapata shufwa tu. Sasa, ili kura yake moja iamue jambo, lazima wenzake wanaokubali wawe na kura 5 kamili, naye alete ya sita. Na 5 ni witiri! Haipatikani kamwe kwa kujumlisha 4, 4 na 2. Mama yule alilipa fedha halali, akapewa kura isiyoweza kuamua lolote. Naye fundi, mwenye nusu ya hisa za nahodha, ana nguvu sawa na nahodha, kwa sababu wawili wowote kati ya wale watatu wakikubaliana wanafikisha 6.

Haya yamewahi kuzikuta hata nchi. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipoanza mwaka 1958, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Italia zilipewa kura 4 kila moja, Ubelgiji na Uholanzi 2 kila moja, Luxembourg 1. Pendekezo la Kamisheni, pale lilipoamuliwa kwa hesabu hiyo, lilihitaji kura 12 kati ya 17. Ili Luxembourg iamue, wengine wangepaswa kufikisha 11, nazo kura zao zote ni shufwa. Mpango huo ulidumu hadi wanachama wapya walipoingia mwaka 1973.

Kwa wale wa mashua, dawa ipo, wala haihitaji senti: jambo lipite kwa kura 7 badala ya 6. Chukueni kalamu mjaribu kila muungano. Mtaona nahodha na fundi peke yao hawafiki tena. Wanamhitaji mshona nyavu.