Mbege ya Bibi Harusi na Brashi Yangu ya Chitete

Ukitaja wachoraji wa Tanzania, wengi wetu tunaishia kwa Tingatinga. Leo nakuletea mwingine, mpenzi msomaji: Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda Chuo cha Slade kule London, lakini brashi yake ilibaki kijijini: watu wakivuna, wakijenga, wakienda sokoni. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo iko Museum of Modern Art, New York. Jamani, mbege ya posa!

Hakuna busu humo wala maua. Ni mzigo tu unapelekwa kwa wakwe, na mapenzi yote yamo.

Picha hiyo imenigusa kwa sababu mimi na mume wangu tuko mbalimbali. Kazi imenileta Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba. Yeye yuko Dar. Jioni simu ilikuwa ni ile ile. "Za huko?" "Nzuri." "Umekula?" "Nimekula." Basi. Mwezi wa tatu tukaanza kununiana bila kosa lolote.

Nikanunua brashi mbili na wino mweusi Tunduma, nikaanza kuchora yanayopita mlangoni. Maksai wawili na plau, mtoto mbele akiwaongoza. Ufuta uliofungwa mafungu, umesimamishwa ukauke. Mama jirani anapepeta, mumewe kabeba mtoto mgongoni (hiyo niliirudia mara nne, wino nao una kiburi). Siyo kazi za kuuza. Namtumia kwa simu.

Utasema si ungepiga picha tu? Picha ya simu naipiga hata bila kutazama. Brashi inanilazimisha nimwangalie mtu mpaka nijue anavyoushika ungo.

Siku hizi maswali yamebadilika. "Yule mtoto wa maksai anaenda shule?" "Ufuta umeshapurwa?" Tunaongea mpaka vocha inaisha.

Juzi naye kanichorea kwa kalamu ya wino jiko letu la Dar. Mistari imepinda vibaya, mtu wangu hajui kuchora kabisa. Sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Hajaandika neno.

Asubuhi nimepeleka barua ya kuomba likizo.