Umbo la Injini na Ubishi wa Chapa Katika Pikipiki za Mbio na Safari

Katika masoko ya pikipiki kubwa ya Ulaya, Marekani na Japani lipo kundi la mashine zinazoundwa kwa ajili ya mwendeshaji anayetaka kumaliza kilomita mia sita au zaidi kwa siku moja, akiwa na mizigo yake na pengine mwenzake nyuma, lakini asiyekubali kunyimwa raha ya kukata kona kwa kasi. Kundi hilo, ambalo hapa litaitwa pikipiki za mbio na safari, limekaa katikati ya makundi mawili yanayojulikana zaidi: pikipiki za mbio, ambazo humlaza mwendeshaji juu ya tangi la mafuta na kumchosha viganja na shingo mapema, na pikipiki za safari kama Honda Gold Wing, ambazo zina kiti kipana kama cha sebuleni lakini kwa uzito wake kila kona kali huwa kazi. Kila kiwanda hupatanisha mahitaji hayo kwa namna yake, na waendeshaji nao wamegawanyika kwa chapa kwa ukaidi ambao mtu wa nje huudhani ni ushabiki mtupu. Ukichunguzwa kwa karibu, hata hivyo, huonekana kwamba mara nyingi nembo iliyobandikwa kwenye tangi inapendwa kwa sababu ya umbo la injini iliyo chini yake.

Mashine ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa kundi hili ni BMW R100RS, iliyotoka mwaka 1976. Upya wake ulikuwa katika kava la mbele, yaani ganda linalomfunika mwendeshaji kuanzia magotini hadi kifuani, ambalo lilichongwa baada ya majaribio katika handaki la upepo la Pininfarina nchini Italia, handaki la upepo likiwa ni jengo ambamo feni kubwa husukuma hewa kukipita chombo kilichosimama ili wahandisi waone mahali inapokwama na mahali inapoteleza. Ujerumani ina barabara kuu ambazo baadhi ya vipande vyake havina kikomo cha kasi, na kwenye kilomita 160 kwa saa upepo hukisukuma kifua cha mwendeshaji asiye na kava kwa nguvu ya kumlazimisha ang'ang'anie usukani kwa mikono yote. Kwa kumwondolea mzigo huo, kiwanda kiliweza kuitumia injini ya kawaida, isiyo na nguvu za kutisha, kumpeleka mtu mbali na kumfikisha akiwa bado na nguvu ya kushuka mwenyewe.

Injini yenyewe ilikuwa ya sentimita za ujazo 980, yenye silinda mbili zilizolazwa zikitazama pande mbili, moja ikichomoza kushoto na nyingine kulia, mpangilio ambao BMW imekuwa ikiutumia tangu pikipiki yake ya R32 ya mwaka 1923 na ambao huitwa boksa. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiichanganye na Boxer ya Bajaj anayoipanda kila siku, ambayo ina silinda moja tu.) Pistoni za injini ya boksa hutoka pamoja na kurudi pamoja, kila moja ikiufuta mtikisiko wa mwenzake, na kwa kuwa vichwa vya silinda viko nje kabisa, hupigwa na upepo na kupoa, na fundi huweza kuzirekebisha valvu akiwa amekaa chini kando ya barabara bila kufungua tangi wala fremu. Zipo kasoro ambazo wapenzi wake wamezigeuza kuwa sifa: pikipiki ikiwa imesimama na mafuta yakaongezwa ghafla kwa mkono, mzunguko wa krenki huiinamisha mashine nzima kidogo upande wa kulia, jambo linalomshtua mgeni na kumfurahisha mwenyeji, na silinda zile zile zinazoipasha miguu moto wakati wa baridi humzuia mwenye miguu mirefu kuinyoosha anapochoka.

Nguvu ya mapenzi hayo ilidhihirika pale kiwanda chenyewe kilipotaka kuyaacha. Mwaka 1983 BMW ilileta K100, yenye silinda nne zilizopangwa kwa mstari na kulazwa ubavu, inayopozwa kwa maji na kulishwa mafuta kwa mfumo wa kielektroniki, na nia ilikuwa kwamba mashine hii ya kisasa ichukue nafasi ya boksa kubwa, ambayo wahandisi waliiona imezeeka na ambayo sheria za kelele na moshi zilikuwa zikiibana. K100 ilikuwa mashine nzuri kwa kipimo chochote cha karatasi, na mwaka 1988 ndiyo iliyokuwa pikipiki ya kwanza sokoni kuwekewa ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Wanunuzi wa zamani hawakushawishika. R100RS, iliyokuwa imesimamishwa mwaka 1984, ilirudishwa kiwandani mwaka 1986, na mwaka 1993 kampuni ikatoa R1100RS, ikiwa na boksa mpya kabisa ya valvu nne kwa kila silinda. Ni nadra katika biashara ya vyombo vya moto kuona wateja wakiwalazimisha wahandisi warudi kwenye umbo walilokwisha kuliaga, na tukio hili linaeleza mengi kuhusu ubishi wa chapa kuliko majedwali yote ya nguvu za farasi.

Wajapani waliingia kwa mlango mwingine. Kawasaki GTR1000 ya mwaka 1986, iliyouzwa Marekani kwa jina la Concours, ilichukua injini ya pikipiki ya mbio ya silinda nne, ikaipunguza makali, ikaiwekea masanduku ya pembeni na tangi la lita 28.5, tangi ambalo kwa mwendo wa utulivu liliweza kumpeleka mtu karibu kilomita 500 bila kusimama kituoni, kisha kiwanda kikaiacha karibu ilivyo kwa miaka ishirini. Honda ST1100, iliyopewa jina la Pan European na kutoka mwaka 1990, ilibuniwa hasa kwa barabara za Ulaya: injini yake ya silinda nne zenye umbo la V ililazwa kufuata urefu wa pikipiki, tangi la lita 28 likateremshwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, na ndani ya plastiki za pembeni vikafichwa vyuma vya kinga, hivi kwamba pikipiki hiyo nzito ikianguka ikiwa imesimama hulalia vyuma na kubaki nzima au karibu nzima. Yamaha FJR1300 ilifuata mwaka 2001, nyepesi kidogo na yenye pupa zaidi ya kukata kona, na Kawasaki 1400GTR ikaja mwaka 2007.

Mashine hizo zote nne zinatumia shafti badala ya cheni, na hapa pana mgawanyiko mwingine unaoshindana na ule wa chapa. Cheni ni nyepesi, ni rahisi na hupoteza nguvu kidogo sana kati ya injini na gurudumu la nyuma, lakini hudai kusafishwa, kutiwa oili na kukazwa kila baada ya kilomita mia kadhaa, na msafiri anayevuka nchi tatu kwa wiki moja hujikuta akiinama jioni kwenye maegesho ya hoteli, tambara mkononi, wakati wenzake wa shafti wameshaagiza chakula. Shafti, ambayo ni chuma kinachozunguka ndani ya mkono wa nyuma na kukabidhi nguvu kwa gia zilizofungiwa ndani ya oili, haitaki matunzo hayo ya kila siku, ila huongeza uzito, na katika miundo ya zamani ilikuwa na tabia ya kuunyanyua mkia wa pikipiki kila mwendeshaji alipoongeza mafuta. BMW iliipunguza tabia hiyo kwa kiungo cha ziada ilichokiita Paralever, kilichoonekana kwenye mashine zake za mwaka 1987. Mtu aliyeizoea shafti mara nyingi huhama kutoka BMW kwenda Yamaha bila kujiona msaliti, lakini kurudi kwenye cheni humtia kinyaa.

Uaminifu kwa Honda una historia yake ndani ya historia. VFR750F ya mwaka 1986, ambayo ilitumia cheni, ilikuwa na injini ya V ya silinda nne ambayo kemshafti zake, yaani mihimili inayofungua na kufunga valvu, ziliendeshwa kwa gia zilizopangana. Gia hizo zilitoa mlio mwembamba ambao mashabiki waliutambua kutoka mbali. VFR800 ya mwaka 2002 ilipoziacha na kutumia minyororo, wengi walinuna, ingawa kwa mahesabu ya uhandisi wa barabarani hawakuwa wamepoteza kitu kikubwa. Ducati yenye silinda mbili, Triumph yenye silinda tatu na Moto Guzzi ambayo silinda zake mbili huchomoza kando kama mabega yaliyoinuliwa zina wafuasi wa aina hiyo hiyo, wachache lakini wasioyumba. Moto Guzzi iliuuza ukale huo waziwazi mwaka 2006 ilipoita mashine yake Norge, kwa kumbukumbu ya safari ya Giuseppe Guzzi kwenda kaskazini ya mbali ya Norwei mwaka 1928.

Mahali mtu anapoishi na mwili alionao huamua yaliyobaki. Mwendeshaji anayekaa karibu na mlima wa Stelvio nchini Italia, ambako upande mmoja wa barabara una kona 48 za kugeuka nyuma, humwona mwenye FJR1300 ya takriban kilo 290 kuwa amejitwika adhabu; mwenzake wa Texas, ambaye kona ya kwanza ya maana iko mbali na nyumbani kwake, huuliza kwanza ukubwa wa tangi. Chama cha Iron Butt cha Marekani hutoa cheti kwa anayemaliza maili 1,000, yaani kilomita zipatazo 1,609, ndani ya saa 24 na kuthibitisha kwa risiti za mafuta, na kwa shughuli kama hiyo tangi, taa na kiti vina thamani kuliko kasi ya juu. Kioo cha mbele nacho huvuruga ulinganishi wote, kwa sababu kioo kile kile kinachomtuliza mwenye urefu wa sentimita 170 humpigia mwenye sentimita 190 mawimbi ya hewa kwenye kofia ngumu mpaka kichwa kimuume, na wote wawili wataandika habari tofauti za mashine moja na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana majaribio ya magazeti, yanayofanywa na watu wachache kwa siku chache, husaidia kuchuja na hushindwa kuchagua. Wakala aliye umbali wa saa nne, hasa kwa chapa yenye maduka machache, ni hoja nzito ambayo jedwali la majaribio haliioneshi.

Kundi lenyewe limepungua. Wanunuzi wengi wamehamia pikipiki ndefu za kukalia wima zinazofuata mfano wa BMW GS, ambazo hubeba mizigo ile ile na kustahimili barabara mbovu, na kanuni za moshi za Ulaya ziitwazo Euro 5 zilipoanza kutumika, FJR1300 haikufanyiwa marekebisho ya kuendelea kuuzwa huko. BMW ingali inatengeneza RS yenye boksa. Yamaha sasa inawaelekeza wateja kwa Tracer 9 GT, yenye silinda tatu, cheni na uzito wa takriban kilo 220, na mwaka 2022 Honda ilileta NT1100, yenye injini ya silinda mbili iliyotoka kwenye pikipiki yake ya Africa Twin. Ujazo wake ni sentimita 1,084, sawasawa na ule wa Pan European ya kwanza, lakini silinda mbili zimeondoka, shafti imeondoka, tangi limekuwa la lita zipatazo 20 na uzito umeshuka kwa makumi ya kilo. Wenye V ya silinda nne wanaendelea kununuliana mashine zao kuukuu, na wengi wa wanaoichukua NT1100 ni watu ambao hawakuwahi kuipanda ile ya zamani.