Barabara Kuu Inapita Mlangoni Kwako

Ukisimama Mbagala, wilaya ya Temeke, mbele yako iko Barabara ya Kilwa. Hicho ni kipande tu cha safari ndefu. Lori huweza kutoka Horohoro, mpakani na Kenya, likapita Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Masasi, hadi Mtambaswala, mpakani na Msumbiji. Zamani mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja, juu ya mto Ruvuma.

Barabara inatuletea bidhaa na wageni. Lakini dereva wa safari ndefu amechoka, naye hakujui. Wewe unavuka kwenda sokoni tu. Hapo ndipo penye hatari.

Penye makazi ya watu, gari haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hata kwa mwendo huo, gari husogea mita 14 kwa sekunde moja. Hesabu moja mpaka sita: limekwisha sogea mita 80 na zaidi! Basi usikimbizane nalo. Vukia penye milia. Tazama pande zote mbili. Mshike mtoto mkono. Usiku vaa nguo nyeupe.

Je, ajali ikitokea? Jioni moja tuliletewa mama muuza vitumbua aliyegongwa na pikipiki. Paja lilikuwa limechanika, damu inaruka. Kijana mchoma mahindi alikuwa amekunja khanga, akaikandamiza juu ya jeraha. Hakuiachia njia nzima. Mama yule yu hai, na vitumbua anauza.

Nawe fanya hivi:

1. Zuia kwanza magari yasiwagonge tena.
2. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Usifunuefunue kutazama.
3. Usipake udongo, majani wala mafuta ya taa.
4. Usimvute mikono wala kumkalisha. Huenda mgongo umevunjika. Akilazimika kuhamishwa, mbebeni watu kadhaa, mwili ukiwa umenyooka.
5. Usimpe chakula wala kinywaji.
6. Mpelekeni hospitali upesi.

Kijana yule hakuwa mganga. Alikuwa na khanga na mikono miwili. Wewe pia unavyo. Msomee jirani yako asiyejua kusoma, kwani huenda yeye ndiye atakayekuwa karibu siku utakapoanguka.