BARABARA YA MAHANDAKI 52: SAFARI YA SIKU MOJA KATIKA MLIMA PASUBIO

Sifa za vita mara nyingi huwaendea wale waliofyatua bunduki, na wale waliobeba unga, maji na risasi husahauliwa upesi. Huko kaskazini mwa Italia, hata hivyo, upo mlima uitwao Pasubio, ambako kumbukumbu mashuhuri kuliko zote si mzinga wala sanamu ya jemadari, bali ni njia ya nyumbu. Kila mwaka maelfu ya watu huipanda kwa miguu, na kwa askari yeyote njia hiyo ni darasa tosha.

Italia iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Mei, 1915, ikipigana na dola ya Austria-Hungaria. Mlima Pasubio ulikuwa karibu na mpaka wa zamani wa nchi hizo mbili. Nyuma yake kuna tambarare ya Vicenza, yenye miji, mashamba na reli. Adui akiupita mlima, tambarare yote ingekuwa wazi mbele yake. Mwaka 1916 majeshi ya Austria yalishambulia kwa nguvu, na Waitalia wakajishikiza juu ya mlima huo wasiondoke.

Lakini kushika mlima ni jambo moja, na kuwalisha walioushika ni jambo jingine. Barabara iliyokuwapo, ile ya Scarubbi, ilikuwa wazi machoni pa wapiga mizinga wa Austria, na wakati wa baridi kali ilizibwa na theluji na kutishwa na maporomoko yake. Ikaamuliwa basi itengenezwe njia nyingine upande wa pili, kwenye majabali yaliyosimama wima, mahali ambapo macho na makombora ya adui hayafiki.

Kazi hiyo walikabidhiwa askari wachimbaji wa Kombania ya 33 ya Rejimenti ya Tano ya Wahandisi, wakisaidiwa na askari vibarua. Miongoni mwa maofisa wanaokumbukwa kwa kazi hiyo ni Luteni Giuseppe Zappa na Kapteni Corrado Picone. Walianza mwezi Februari, 1917, katikati ya theluji, wakitumia baruti, mashine za kutobolea, sururu na nguvu za mikono yao. Kabla mwaka huo haujakwisha barabara ilikuwa tayari: urefu wake ni zaidi ya meta 6,500, na katika hizo meta zipatazo 2,300 zimo ndani ya mwamba, katika mahandaki 52. Upana wake ulipimwa ili nyumbu wawili wenye mizigo waweze kupishana.

Msafiri wa leo huanza asubuhi mahali paitwapo Bocchetta Campiglia, kwenye kimo cha meta 1,216. Handaki la kwanza liko karibu, na kila moja lina namba na jina lake. Baadhi ni mafupi, mtu huingia na mara akatokea kwenye mwanga. Mengine ni marefu yenye giza totoro, maji yakidondoka darini na mawe yakiteleza chini ya viatu. Lile la 19 ndilo refu kupita yote, meta zipatazo 318. La 20 ni la ajabu zaidi, kwani limechimbwa kwa kuzunguka ndani ya nguzo moja ya jabali, mfano wa ngazi ya mnara, likipanda juu kadiri linavyojipinda. Baina ya handaki na handaki njia hupita ukingoni mwa genge, na bonde huonekana mbali chini.

Baada ya mwendo wa saa tatu hivi au zaidi, msafiri huwasili Porte del Pasubio, kwenye kimo cha meta 1,928, penye nyumba ya wapanda milima iitwayo Achille Papa. Mwenye nguvu huendelea hadi kilele cha Palon, meta 2,232. Karibu na hapo ni miamba miwili iliyotazamana, mmoja ukiitwa Jino la Italia na mwingine Jino la Austria. Majeshi hayo yalichimbana chini kwa chini, na tarehe 13 Machi, 1918, Waaustria walilipua tani 50 za baruti chini ya Jino la Italia. Vifusi vya mlipuko huo vinaonekana hadi leo. Mwaka 1922 sehemu hiyo ya mlima ilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu.

Kurudi hupitiwa barabara ile ile ya Scarubbi iliyokuwa ikiogopwa zamani. Safari nzima humaliza siku. Anayekwenda sharti achukue tochi, kofia ngumu, maji, nguo za baridi na viatu imara. Wakati wa theluji na barafu asithubutu kabisa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa somo hili. Katika miaka hiyo hiyo ya 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana katika ardhi yetu yalitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Wengi wao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na jeshi hilo la wapagazi. Hao hawakuchongewa njia yenye kivuli cha mwamba.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, tusimdharau dereva wa lori la chakula, mpishi, fundi wala mchimba barabara. Mlima Pasubio ulishikwa na wenye bunduki, lakini uliwezekana kushikwa kwa sababu ya wenye sururu.