Mvuke wa Petroli katika Gari Kuukuu

Huruma, hapa Eldoret, ambako gari dogo la Kijapani huweza kutimiza miaka ishirini na ushei likiwa bado linamlisha mwenyewe, malalamiko yanayonifikia mara kwa mara ni haya: "Fundi, nikijaza mafuta tu, gari linakataa kuwaka." Mwenye kusema hivyo aghalabu huwa amekwisha nunua plagi mpya, na pampu juu yake, ilhali maradhi yako kwingine, katika mpango mdogo uliowekwa kuuzuia mvuke wa petroli usitoke nje, na ambao wengi hawajui hata kuwa upo.

Petroli haitulii. Gari likiwa limezimwa na kuegeshwa, petroli huendelea kugeuka mvuke ndani ya tangi, na mvuke huo, badala ya kuachwa uende zake hewani, hupitishwa kwenye paipu hadi katika kopo liitwalo kanista, lenye makaa ya mti au ya vifuu vya nazi yaliyotayarishwa hata yakajaa vitundu visivyoonekana kwa macho, nayo huunasa na kuuhifadhi. Injini ikisha kupata moto, valvu ndogo ya umeme hufunguka, na ule mvuke huvutwa ukachomwa pamoja na mafuta mengine. Kalifornia, huko Marekani, ndiyo iliyotangulia kulazimisha jambo hili, kwa magari ya mwaka 1970, kwa ajili ya kuisafisha hewa. Walakini sisi tulio juu takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya Mombasa, na petroli kwa sababu hiyo hugeuka mvuke kwa wepesi zaidi, tunauhitaji mpango huu kuliko watu wa pwani.

Usiingoje taa ya injini ikuarifu, maana magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani lenyewe hayana kipimo cha kuvuja kwa mvuke. Anza na kilicho rahisi. Tazama mpira wa kifuniko cha tangi: ukiwa umekauka na kupasuka, harufu ndani ya gari imekwisha pata sababu. Sikiliza unapokifungua kifuniko. Hewa ikiingia kwa kishindo, tangi lilikuwa likinyonya, na yamkini njia ya kanista ya kuvutia hewa safi imezibwa na tope au vumbi. Kisha zipapase paipu, hasa pale zinapokunjwa, na wala usizitafutie uvujaji kwa kiberiti wala sigara, kwani mvuke huu huwaka kabla ya petroli yenyewe kuonekana.

Mwalimu mmoja aliniletea gari ambalo fundi mwingine alikuwa ameiziba paipu ya kanista kwa bolti. Naichukia sana tiba hiyo, kwani huyaficha maradhi na kuuacha mvuke utafute njia yake mwenyewe. Niliitoa valvu, nikaiunga kwa kipande cha paipu safi, nikapuliza bila ya kuitia umeme. Valvu nzima ya aina hiyo haipitishi pumzi mpaka iamrishwe. Hii ilipitisha kama mluzi. Maana yake, kabla ya bolti ile kutiwa, kila alipojaza tangi, mvuke uliosukumwa na mafuta mapya uliingia moja kwa moja katika injini, ukaisonga, ikashindwa kuwaka.

Nikaigonga ile valvu juu ya karatasi nyeupe. Zikaanguka chembe nyeusi, ndogo kama baruti.

"Mwalimu," nikamwuliza, "bomba likikata pale kituoni, huwa unaongeza?"

"Huongeza kidogo, ili hesabu ya shilingi itimie."

Basi hapo palidhihirika asili ya mambo. Nafasi iachwayo juu ya tangi ni ya mvuke, na ukiijaza, petroli hushuka ikiwa majimaji hadi kwenye kanista, makaa yakalowa, yakavunjika, na unga wake ukavutwa mpaka kwenye valvu, ukaizuia isifunge. Kwa hiyo kubadili valvu peke yake kusingalifaa kitu. Kanista nayo ilipasa kuondolewa, na paipu zote baina yao zipulizwe mpaka zisitoe tena weusi, kazi iliyotuchukua mchana mzima.