Uchaguzi wa Kiwango cha Ishara Tofautishi katika Saketi za Kasi Kubwa: Ulinganisho wa LVDS, LVPECL na CML

1.0 Utangulizi

Saketi za kielektroniki zenye kasi kubwa hupeleka taarifa kwa jozi ya njia za shaba: volti ya njia moja inapopanda, ya pili hushuka. Kipokezi husoma tofauti iliyo kati ya njia hizo, wala si volti ya njia moja peke yake. Kelele inayozipata njia zote mbili kwa kiasi kilekile hufutika, hivyo ishara yenye volti ndogo husomeka bila makosa. Na volti ndogo hugeuka upesi. Kanuni ni moja, lakini viwango vinavyoitekeleza ni vingi. Makala haya yanajadili vitatu kati ya hivyo. Hoja kuu ni kwamba kiwango kinachofaa si lazima kiwe chenye kasi kuliko vyote, bali ni kile kinachoacha akiba ya kutosha ya volti na ya muda katika mazingira ambamo saketi itatumika.

2.0 Sifa za viwango vitatu

LVDS imefafanuliwa katika waraka wa TIA/EIA-644. Kitumaji husukuma mkondo wa miliampia 3.5 kupitia rezista ya omu 100 iliyo kwenye kipokezi, ikapatikana tofauti ya milivolti 350 juu na chini ya wastani wa volti 1.2. Kipokezi huhitaji tofauti ya milivolti 100 tu, na hupokea volti kuanzia 0 hadi 2.4. Waraka huo unapendekeza kasi isiyozidi megabiti 655 kwa sekunde, ingawa vifaa vingi vya leo huivuka.

LVPECL hutumia transista za baipola zisizoachwa zishibe. Kila njia huishia kwenye rezista ya omu 50 iliyofungwa kwenye volti iliyo chini ya chanzo kwa volti 2. Chanzo kikiwa volti 3.3, hali ya juu huwa takriban volti 2.35 na ya chini takriban 1.6. Mikondo ya njia mbili, yaani miliampia 21 na 6, hufanya jumla ya 27, karibu mara nane ya ule wa LVDS. Gharama hiyo hununua mgeuko wa haraka usioyumba kiwakati, ndiyo maana LVPECL hupendwa katika usambazaji wa ishara za saa.

CML hugeuza mkondo, kwa kawaida miliampia 16, kati ya njia mbili zenye rezista za omu 50 katika kila upande. Omu 50 mbili sambamba ni omu 25, hivyo kila njia hubadilika kwa milivolti 400. CML huvuka gigabiti 10 kwa sekunde. Kwa kuwa wastani wa volti yake hufuata chanzo, mara nyingi huunganishwa kwa kapasita. Na kapasita huzuia mkondo usiobadilika. Hivyo basi, data hulazimika kusimbwa kwa uwiano wa sifuri na moja, mathalani kwa msimbo wa 8b/10b, ambamo biti 8 husafiri kama 10.

3.0 Mfano wa ukokotozi

Chukua kigeuzi cha analogi kwenda dijitali chenye biti 14 na sampuli milioni 500 kwa sekunde. Data yake ni gigabiti 7 kwa sekunde. Kwa LVDS zinahitajika jozi 14 za megabiti 500 kila moja, pamoja na jozi ya saa: njia 30 kwa jumla. Kwa JESD204B, kiwango kinachotumia vitumaji vya aina ya CML na kinachofika gigabiti 12.5, biti 14 hujazwa kuwa 16, kisha husimbwa kuwa 20. Matokeo ni gigabiti 10, nazo hutoshea katika jozi moja ya data.

Hata hivyo, uchache huo wa njia una masharti. Katika bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, ishara husafiri takriban milimita 150 kwa nanosekunde. Njia zikipishana kwa milimita 15, ucheleweshaji ni nanosekunde 0.1. Kwa LVDS hiyo ni asilimia 5 ya muda wa biti. Ndani ya jozi ya gigabiti 10 ni biti nzima. Kwa upande mwingine, LVDS hudai jozi zote 15 zilingane, ilhali kipokezi cha JESD204B huchota saa kutoka katika data yenyewe. Aidha, usimbaji na usimbuaji hula muda. Pale ambapo sampuli hutumika papo hapo kurekebisha mtambo, LVDS inaweza kufaa zaidi.

4.0 Hatari ya kuchanganya viwango

Kitumaji cha LVPECL kikiunganishwa moja kwa moja na kipokezi cha LVDS, hali ya juu ya volti 2.35 huacha akiba ya volti 0.05 tu kabla ya kikomo cha 2.4. Kwenye meza ya majaribio yenye chanzo kimoja, saketi hufanya kazi. Ikiwekwa katika makabati mawili ambayo ardhi zake zinatofautiana kwa volti 0.2, ishara huweza kufika 2.55 na kutoka nje ya mipaka. Makosa hujitokeza na kutoweka, na lawama huangukia programu. LVDS kwa LVDS, hali ya juu ni takriban volti 1.375, na akiba huzidi volti 1.

Tiba ni kuweka kapasita, kuipa kila njia ya kitumaji rezista ya takriban omu 150 kwenda ardhini, na kurejesha wastani wa volti 1.2 kwenye kipokezi. Tiba hii huifaa ishara ya saa, ambayo ina uwiano kwa asili yake. Haiifai ishara ya kuanzisha upya mfumo, ambayo hukaa katika hali moja kwa muda mrefu.

5.0 Hitimisho

Mbuni anapaswa kuanza na mazingira: umbali, tofauti ya ardhi na idadi ya vifaa. Vitumaji vikiwa vingi kwenye njia moja, M-LVDS inafaa kuliko vyote vitatu; umbali ukiwa mrefu na kasi ndogo, RS-485, inayostahimili volti -7 hadi 12, inatosha. Baada ya hapo ndipo kasi na nishati huamua. Saketi iliyofaulu maabara haijathibitisha kiwango chake mpaka akiba yake ikokotolewe kwa hali mbaya kuliko zote itakazokutana nazo.